Taja Vitu Vitatu Kabla ya Kuachia Kamba

4 Machi

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ukiondoa goti la mama ambalo limeamua kuishi maisha yake lenyewe. Dada yako anakusalimu sana na anauliza kama mkono wako umeota kutu, maana tangu mwaka mpya hujaandika. Kazini ni yaleyale. Nasaga lenzi za miwani tangu asubuhi, vumbi la kioo linaniingia mpaka kwenye nyusi, na yule mzee wa meza ya pili ananiita Mama Nusu Milimita kwa sababu kila siku namrudishia kazi yake arekebishe. Mkazamjomba mwambie lile shuka alilonishonea bado nalilalia.

Sasa Mjomba, kuna nini? Jumamosi niliitwa stendi kuchukua mzigo, nikadhani umetutumia karanga. Nikakabidhiwa kitu kirefu kimeviringishwa gunia, makarani wote wananitazama kama nimetumiwa bunduki. Kufungua nyumbani, upinde wako! Uleule uliouchonga mwenyewe, wenye ncha mbili zilizopinda kwenda mbele, ambao tukiwa watoto ulituruhusu kuugusa kwa kidole kimoja tu. Na mishale sita kwenye podo. Barua hakuna, hata kikaratasi.

Nimefurahi, sikatai. Ila nimekaa nao mapajani nikajiuliza, Mjomba atawinda na nini? Mama naye kautazama tu, na wewe unamjua dada yako, akinyamaza ujue kuna jambo.

Kamba nimeivisha mwenyewe. Mara ya kwanza uliniponyoka ukanipiga kidevu, lakini hatimaye ulikubali, ukawa mviringo mzuri kama mshikio wa kikapu. Nimeutundika sebuleni. Nijibu basi, na useme ukweli.

Mpwa wako


29 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyumbani wote wazima. Mvua si haba. Dada mwambie goti alikande kwa maji ya moto na aache ubishi. Kutu haijaota, ni kazi tu. Kuna madawati ya shule arobaini hapa karakana na mimi nina mikono miwili.

Umeandika "mviringo mzuri kama mshikio wa kikapu." Nimeshika kichwa. Mviringo! Weee mtoto, umeuvisha kinyume! Zile ncha zinatakiwa zitazame mbele, kule mshale unakokwenda, hata kamba ikishakaa. Wewe umezikunja zikutazame wewe. Mti nilioukausha miaka minne umeufanya pambo la ukutani lenye mgongo uliovunjwa. Weka barua chini, panda kiti, uushushe sasa hivi.

Umeushusha? Haya. Vua kamba taratibu, uache upumzike siku mbili. Kisha fanya hivi. Pitisha mguu wa kulia katikati ya kamba na mti. Ncha ya chini ilaze juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Mshikio ukae nyuma ya paja la kulia. Sasa sukuma kwa paja, si kwa mikono, na kamba itateleza yenyewe mpaka kwenye pengo lake. Kidevu chako kiweke mbali.

Usivute kamba ukaiachia bila mshale hata siku moja, utaupasua. Vaa ngozi kwenye mkono wa kushoto. Anza hatua kumi, si zaidi. Upinde huu hauna kilengeo chochote. Vuta mpaka kidole kiguse pembe ya mdomo, pahali palepale kila mara, macho yote mawili wazi, utazame unapotaka mshale uende na si mshale wenyewe.

Na sharti moja. Kabla ya kuachia, taja vitu vitatu: unachopiga, mahali mshale utakapoingia, na kilicho nyuma yake. Taja kwa mdomo, si moyoni, maana moyo unadanganya na mdomo unaona haya. Kimoja kikikosekana, teremsha upinde. Hata kama unapiga gunia la majani, taja.

Umeuliza kwa nini nimekutumia. Upinde usiofanya kazi unakufa. Ndiyo hivyo tu.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, maji ya moto yamesaidia ila sifa amempa mganga wake wa redioni. Mimi nilipata alama ya zambarau kwenye mkono wa kushoto, ndefu kama soseji, kwa sababu siku ya kwanza nilijifanya mjuaji nikaacha ile ngozi. Kamba ilinichapa nikaita jina la mama yangu mbele za watu.

Nimejiunga na chama. Tunakutana Jumapili kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa, magunia ya majani yamepangwa mbele ya ukuta mnene. Wenzangu wana pinde za chuma zenye magurudumu na darubini, mimi na mti wako tunaonekana tumetoka jumba la makumbusho. Wiki tatu za kwanza sikupata hata gunia. Mishale miwili ilikwenda juu ya paa la tanuri na katibu wa chama, baba mnene mwenye koti la kahawia, alilipanda kuifuata huku akinilaani kwa adabu. Sasa katika hatua kumi na tano mishale minne kati ya sita inakaa ndani ya duara la ukubwa wa sahani. Mjomba, ile sauti ya mshale kukita kwenye gunia! Natembea wiki nzima nikiisikia.

Na nataja. "Gunia, doa jeusi, nyuma ukuta." Walinicheka mpaka wakachoka. Karibuni nitaomba kibali cha kuwinda pamoja nao.

Sasa nikuulize na usikasirike. Mimi kazi yangu ni macho ya watu. Barua yako imepanda mistari, maneno mengine yamekaa juu ya mengine, na herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Na kingine. Barua zako zote za zamani mkazamjomba alikuwa hakosi humo, mara kakuunguzia shati, mara kakushinda karata. Hii "nyumbani wote wazima" ni ya nani?

Nimekuwekea humu karatasi ya kupimia. Ibandike ukutani, rudi nyuma hatua sita, ziba jicho moja usome, kisha jingine. Niandikie ulichoona. Nakusihi.

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima, na nikisema wote ni wote. Madawati yamekwisha, mwalimu mkuu kashukuru.

Karatasi nimesoma. Jicho la kulia, mistari yote. La kushoto, mistari yote, mpaka ule mdogo kabisa wa chini, wenye herufi na tarakimu, ambao naunakili hapa usije ukasema nimebahatisha: T7, 14-02, B. Umeridhika? Mwandiko ni kwa sababu naandikia kwenye goti.

Umesema utaomba kibali cha kuwinda na wenzako. Vizuri, lakini sikiliza. Gunia halina pua. Beba jivu kwenye mfuko mdogo, limwage kidogo kidogo uone upepo unakwenda wapi, na uwe upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwako. Keti. Kuwinda kwa upinde ni kuketi; anayezungukazunguka anawatembeza wanyama tu. Usipige mnyama anayekutazama wala anayekimbia. Ngoja asimame ubavu, mguu wa mbele umetangulia, upige nyuma ya bega. Hatua ishirini mwisho wako. Akiwa ishirini na moja, mtazame tu ushukuru umemwona. Na ukishapiga usimfuate mara moja, kaa umpe nafasi.

Ukirudi mikono mitupu umewinda. Ukijeruhi mnyama akapotea, hujawinda, umedhulumu.

Taja vitatu.

Mjomba


7 Julai

Mjomba wangu mwongo,

Shikamoo. Ndiyo, nimeandika mwongo, na mama yuko hapa pembeni anasema niandike kwa herufi kubwa.

Ule mstari wa chini kabisa si wa kupimia. Ni namba ya mtambo na tarehe ya kuchapa, na sisi wenyewe tunausoma kwa lenzi ya kukuzia. Hakuna binadamu anayeusoma akiwa hatua sita. Wewe umenisomea mpaka herufi ya mwisho! Nakuona kabisa, umeubandua ukutani, umeuweka puani, unanakili huku unajipongeza. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba kipimo hakidanganywi, ukituchapa viboko vya rula tukikata ubao kwa kukisia.

Nitakasirika baadaye. Kwanza nikusimulie, maana nimerudi juzi kutoka mawindoni.

Tulikuwa watu wanne, kibali mkononi, kila mmoja na eneo lake lililochorwa kwenye ramani. Nilimwaga jivu, nikaketi upande wenye upepo mzuri, mgongo kwenye jiwe. Saa tatu nzima. Nikahesabu sisimizi. Kisha kichaka kikatikisika, nikaona kahawia, hatua kama kumi na nane. Nikavuta, kidole pembe ya mdomo. Nikataja kwa mdomo: "Paa." Nikataja: "Nyuma ya bega." Hapo nikakwama. Bega liko wapi? Nyuma yake kuna nini? Sikuona. Kahawia tu, na majani. Mkono unauma, ndani yangu kuna kitu kinasema achia, mpumbavu, ataondoka.

Nikateremsha upinde.

Kichaka kikakohoa. Kisha kikafunga mkanda. Mjomba, alikuwa katibu! Koti lake la kahawia. Katoka kwenye eneo lake kuja kwenye langu kujisaidia, kwa sababu, anasema, huku kuna kivuli. Nilicheka, halafu nikakaa chini nikalia, na yeye akalia, tukawa watu wazima wawili tunalia porini, mmoja hajafunga vifungo.

Ule utajaji wako waliokuwa wanaucheka, Jumapili hii wote walikuwa wanataja, kama darasa la chekechea. Katibu anasema nikupe shukrani za makalio yake.

Asante, Mjomba. Ningeua mtu. Kwa sekunde moja tu ningeua mtu, na maisha yangu yangeishia palepale. Sasa niambie ukweli kuhusu macho yako.

Mpwa wako


25 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa. Barua yako niliisoma siku nne, mstari kwa mstari, karatasi ikigusa pua, kwa sababu sikutaka kumwomba mtu wa nyumbani anisomee. Pale kwenye koti la kahawia nilitoka nje nikakaa kwenye vumbi la mbao mpaka jua likanichoma.

Macho yameingia ukungu miaka miwili sasa. Yote mawili. Mwanzo nilisema ni vumbi la karakana. Ubao naupima kwa vidole, wateja hawajajua.

Mwezi wa kwanza nilikwenda mawindoni ng'ambo ya mto. Nikasikia majani, nikaona kahawia inapita. Nikavuta. Nikataja: paa jike, nyuma ya bega, nyuma yake kilima. Nilitaja vyote vitatu kwa mdomo wangu huu, mpwa wangu, na sikuwa nimeona hata kimoja. Miaka thelathini ya mazoea ilinijazia. Nikaachia.

Alikuwa mkazamjomba wako, amebeba kuni kichwani, kitambaa chake cha kahawia. Alikuwa ameamua kupita njia ya mkato. Mshale uliingia kwenye mzigo wa kuni, kiganja kimoja juu ya kichwa chake. Sikuelewa mpaka niliposikia kuni zinaanguka na sauti yake ikisema, "Ni mimi." Hakupiga kelele. Alisema hivyo tu, ni mimi, kama anayebisha hodi.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba kuni zake. Kesho yake nikafunga upinde kwenye gunia, na mwisho wa Februari nikakutumia, nisiuone wala kuugusa tena. Hajanilaumu mpaka leo. Bora angenilaumu, angenivunjia vyombo, angeondoka. Lakini tangu siku ile, kila akienda kuteka maji au kuokota kuni, anaimba. Wewe unajua mkazamjomba wako haimbi, sauti yake ni ya mlango usiotiwa mafuta. Anajua wimbo mmoja, na nusu ya maneno kayasahau. Anauimba kwenda na kurudi, kwa nguvu, ili nijue alipo. Nami hukaa karakana nikimsikia anakuja, na kila neno la wimbo ule linanipiga mimi.

Ndiyo maana nilidanganya karatasi yako. Najua ungesema nije kwa daktari. Sitaki. Jicho lililofanya vile liache life. Ni haki yake.

Usimwambie dada.

Mjomba wako


3 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Samahani, nimemwambia mama. Alifua nguo zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi, kisha akasema, "Kaka yangu tangu utotoni akikosea anajifungia chooni. Mwambie afungue mlango."

Sina ucheshi leo, kwa hiyo naandika kwa kifupi. Ukungu unaousema huenda ni mtoto wa jicho, na daktari wa macho wa jengo la pili kutoka kazini kwetu humtoa kila siku, mtu anarudi nyumbani akisoma magazeti. Lakini huenda ni presha ya macho, na hiyo ikishaondoka na uwezo wa kuona hairudishi, inabaki kuokoa kilichobaki. Mimi siwezi kujua kwa barua na wewe huwezi kujua kwa kiburi. Anayejua ni daktari, na kila mwezi unaopita unaweza kuwa na hasara yake.

Unasema jicho life, ni haki yake. Haya. Lakini hebu nitajie kilicho nyuma yake, Mjomba. Umetaja jicho, umetaja mahali pa kupiga, cha tatu hukukitaja. Nyuma ya jicho hilo yupo mkazamjomba. Ukipofuka, wewe utakaa karakana na majuto yako, na yeye ndiye atakayeimba mpaka siku ya kufa kwake. Umekwisha kumkosa mara moja kwa kiganja kimoja. Usimlenge tena.

Nakupenda, na naandika hivi huku nalia. Kitanda cha mama mgeni wake ni wewe, mama atalala na mimi. Panda basi la Jumatatu. Nitakuwa stendi nimevaa njano, rangi ambayo hata wewe hutaikosa.

Mpwa wako


14 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia bado. Nimefika salama. Mwambie dada nimekuta shati alilosema nimeliacha, liko ndani ya begi, na ugomvi wetu wa karata hauhesabiki kwa sababu nilikuwa na bandeji. Daktari mwambie jicho la kulia halina shida, dawa natia mara nne kama alivyoagiza, na la kushoto nitarudi kulifanya Januari bila kukokotwa. Niliogopa sana siku ile ya kupasuliwa jicho, na ulinishika mkono kwa nguvu kuliko ninavyoshika randa. Sijakushukuru kwa sababu nilijua nikianza nitaharibu bandeji.

Naandikia mezani. Angalia mistari.

Nyumbani nilifika saa tisa alasiri. Hakuwepo. Nikasimama mlangoni mwa karakana na begi langu. Karakana yangu ni chafu, mpwa wangu! Buibui wamejenga mji. Na kwenye rafu ya juu, nyuma ya gundi, nikaona kipande cha kuni kimepasuliwa vizuri, na ncha ya mshale bado imo ndani yake. Kakihifadhi yeye, miezi yote hiyo, mahali nilipokuwa napapasa kila siku nikichukua gundi. Nimekipanguza nikakirudisha palepale.

Kisha nikausikia ule wimbo, kutoka chini, njia ya mtoni, na nusu ya maneno hayapo. Nikatoka. Alikuwa mbali kuliko hatua ishirini, mbali kuliko hatua sitini, ndoo kichwani, hajaniona. Nikataja kwa mdomo kama tulivyozoea mimi na wewe. Mke wangu. Uso wake, umekonda, na mvi mbili tatu juu ya sikio ambazo nilikuwa sizijui. Nyuma yake njia nyeupe, haina mtu.

Nikapaza sauti, "Acha kuimba. Nakuona."

Alisimama. Maji yakamwagika begani, hata hakuyajali. Akaweka ndoo chini katikati ya njia, akainua mkono mmoja juu, akakunja vidole viwili nihesabu vilivyobaki.

Nikamwambia, "Vitatu."

Basi akakaa chini palepale njiani, akalia kilio chote cha tangu Januari, na mimi nikashuka kumfuata.

Upinde baki nao, ni wako. Kwangu kuna kazi nyingine, maana jana asubuhi alikwenda kuokota kuni bila kuimba, akarudi kimya, na jioni akiwa anaosha vyombo ndani ya nyumba, hakuna aliyemwomba, akaanza ule wimbo tena. Sauti bado ni ya mlango. Nimeketi hapa namsaidia maneno.

Mjomba wako